Kutazama Ndege Njiani: Ni Uvivu au Ni Sala?

Kati ya maagizo yote ya Bwana wetu Yezu Kristu liko moja ambalo Wakristu wachache hulikumbuka kuwa ni agizo. Tunaungama kwamba tumeacha sala, tumesema uongo, tumekula nyama siku iliyokatazwa. Sidhani kama padri yeyote amepata kumsikia mtu akiungama kwamba hakuwatazama ndege. Walakini katika Evanjili ya Mateo, mlango wa 6, Bwana anawaagiza wasikilizaji wake wawaangalie ndege wa angani, na katika Evanjili ya Luka, mlango wa 12, anawataja kunguru kwa jina lao. Hakusema tuwafikirie tu tukiwa tumefumba macho. Alisema tuangalie.

Katika nchi yetu ya Kivu mahali pazuri pa kulitimiza agizo hilo ni ndani ya motokari. Neno hili huwashangaza watu, kwa maana wadhani motokari huwafukuza ndege. Sivyo. Ndege humwogopa mtu kwa umbo lake, yaani kichwa, mabega, na miguu miwili inayotembea. Motokari haina umbo hilo. Machoni pa ndege ni kama mnyama mkubwa asiye na ubaya, mfano wa nyati apitaye na shughuli zake. Mdiria aliyekaa juu ya tawi kando ya njia hatakimbia ukisimama karibu naye. Lakini ukifungua mlango na kuweka mguu mmoja chini, mara amekwenda. Tena njia zetu zilivyo, na matope yalivyo wakati wa mvua, motokari ya kwetu husimama mara nyingi bila kuambiwa. Kamyo ikizama mbele yenu mnangoja saa mbili au tatu, na hapo ndege wasioonekana katika mwendo hutokea mmoja mmoja.

Mtu ashukaye kutoka Butembo kwenda Kyavinyonge kwa njia ya Kyondo hupita nchi tatu katika safari moja. Kwanza ni milima yetu, na mashamba yake ya maharagwe na mikalitusi yake. Huko wako kunguru wenye kifua cheupe, mwewe wanaozunguka juu ya masoko, na wale ndege wadogo wa kijivujivu wenye mikia mirefu, waitwao pasa, ambao hutambaa ndani ya vichaka kama panya. Halafu njia yaanza kuteremka ukuta wa Mitumba. Joto lapanda. Ziwa Edward laonekana chini likimetameta kama bati jipya, na siku isiyo na mawingu, upande wa kaskazini-mashariki, waiona Ruwenzori na theluji yake. Katika kushuka huko mmekwisha uvuka mstari wa Ikweta, wala hakuna aliyejua. Mwisho ni nyika ya Hifadhi ya Virunga, na kanga wanaokimbia mbele ya magurudumu, maana hawakumbuki kwamba wana mabawa ila dakika ya mwisho.

Kyavinyonge yenyewe ni kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya mipaka ya Hifadhi, kama vile Vitshumbi na Nyakakoma upande wa kusini wa ziwa. Hapo huhitaji kutafuta ndege. Marabu, mwenye upara na koti lake jeusi, hutembea kati ya nyumba kama mtoza kodi. Mnandi hukaa juu ya nguzo na kutandaza mabawa yake yakauke. Kwazi, mwenye kichwa cheupe, hupiga kelele juu ya maji kabla hujamwona. Yuko pia mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo (wasomaji wa pwani wasicheke, najua neno hilo lina maana nyingine kwao). Wakristu wengi wamemwona huyu kanisani kabla ya kumwona ziwani, kwa kuwa katika sanaa ya Kanisa ni mfano wa Yezu, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimtaja hivyo katika wimbo wake wa Ekaristia. Watu wa zamani walisadiki kwamba mwari hujitoboa kifua ili awalishe watoto wake kwa damu. Si kweli, huwalisha samaki waliolainika kooni mwake. Wimbo wa Mtakatifu Tomaso haukuharibika kwa ajili hiyo, kwa maana Ekaristia haikutegemea habari za mwari.

Basi liko swali, nalo si dogo. Je, ni halali kukaa dirishani na kutazama ndege katika nchi kama hii yetu? Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa nchi ya Beni wamechinjwa mashambani na njiani. Kutoka mwaka 2018 mpaka 2020 ugonjwa wa Ebola uliwazika ndugu zetu wa Beni na Butembo kwa mamia. Mwezi wa Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu apandaye motokari huku hufanya ishara ya Msalaba si kwa mazoea, bali kwa sababu hajui kama atafika. Na wewe, katika motokari hiyo hiyo, wamwonyesha jirani yako keremkerem? Wengi watasema kwamba hiyo ni kazi ya Wazungu wenye darubini na likizo.

Kabla ya kuwajibu tumsikilize Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake anajichunguza juu ya tamaa ya macho, ile iliyotajwa katika barua ya kwanza ya Mtakatifu Yoane. Anaeleza kwamba haendi tena uwanjani kumtazama mbwa akimfukuza sungura. Lakini akiwa safarini, na mambo hayo yakitokea porini kando ya njia, huenda yakamtoa katika wazo kubwa alilokuwa nalo. Hamgeuzi mnyama aliyempanda, asema, ila moyo wake ndio uliogeuka. Hata nyumbani mjusi akikamata nzi, au buibui akimfunga mdudu, macho yake yavutwa. Baadaye humsifu Mungu Muumba kwa hayo, lakini akiri kwamba si kwa kumsifu Mungu alianza kutazama.

Mimi husoma mahali hapo kwa mshangao. Mtu yumo safarini, amekaa juu ya chombo chake cha kusafiria, macho yake yamekwenda kwa mnyama wa porini. Hiyo ni habari yetu kabisa, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na kioo. Na hukumu yake ni kali: aona kwamba moyo umetoroka. Wahenga wetu walisema macho hayana pazia, na Augustino angelikubali, naye angelitaka pazia lishonwe.

Lakini mbele ya neno la Augustino liko neno la Bwana. Naye Bwana alisema na watu waliokuwa na hofu juu ya chakula na mavazi, si na watu walioshiba. Hili ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Agizo la kuwatazama ndege halikutolewa kwa watalii. Lilitolewa kwa wakulima na wavuvi wa Galilea, watu waliotozwa kodi, waliowaona askari njiani kama sisi tunavyowaona. Kama kutazama ndege kungekuwa anasa ya wakati wa amani, Bwana asingelisema na hao. Mwenye hofu hutazama ndani yake tu. Huhesabu shida zake usiku kucha na asubuhi azikuta zile zile. Anapoambiwa ainue macho amtazame kunguru, hafundishwi kusahau shida. Afundishwa kwamba shida yake si ulimwengu wote.

Je, Augustino na Evanjili wagombana? Waalimu wa seminari hutufundisha kutofautisha, na hapa Mtakatifu Tomaso hutusaidia. Yeye atenga tabia mbili zinazofanana kwa nje: udadisi mbaya, ulio kilema, na bidii ya kujua, iliyo fadhila. Mdadisi huruka kutoka jambo hadi jambo. Akiliona moja tayari ataka jingine. Mwenye bidii hukaa. Kwa hiyo mtu anayehesabu ndege kama mchuuzi anavyohesabu noti, apate kujisifu kwamba ameona aina nyingi kuliko mwenzake, huyo yumo katika kosa aliloliogopa Augustino. Hifadhi ya Virunga ina aina zaidi ya 700 za ndege; atakayezikimbilia zote hatamtazama hata mmoja. Mwingine humtazama mnandi mmoja mpaka aelewe kwa nini atandaza mabawa (manyoya yake hulowa maji, tofauti na ya bata), naye ameanza kutazama kwa jinsi ya Evanjili, hata kama jina la Mungu bado halijamjia mdomoni.

Liko jambo la kweli lililotokea si mbali sana nasi. Mwaka 1913 mtaalamu mmoja Mmarekani, James Chapin, alikuwa Avakubi katika msitu wa Ituri, akaona unyoya mmoja katika kofia ya mtu, nao haukufanana na wa ndege yeyote aliyemjua. Akauchukua, akauweka. Miaka ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa tausi wachanga wa kawaida. Akautambua unyoya wake. Hivyo ulimwengu wa elimu ukampata tausi wa Kongo. Miaka 23 alikaa na swali la unyoya mmoja! Hiyo ndiyo bidii ambayo Mtakatifu Tomaso aliinena. Lakini nisisahau kusema kwamba mwenye kofia na jamaa zake walimjua ndege huyo siku zote, na hakuna aliyewaandika kuwa wagunduzi. Tena wataalamu wa nyakati hizo waliwatazama ndege wakiwa na bunduki mkononi. Aliyependa ndege alimpiga kwanza, ndipo akamtazama.

Hapo tunaligusa shina la jambo. Kuko kutazama kwa kutaka kuchukua, na kuko kutazama kwa kuacha. Mwindaji, mnunuzi sokoni, kijana mwenye tamaa, wote hutazama sana, hata kuliko wengine, lakini jicho lao limetangulia tu mbele ya mkono. Katika motokari mkono umefungiwa. Ndege yuko pale, wewe uko hapa, na baada ya dakika moja dereva atatia moto. Huwezi kumla wala kumuuza wala kumpeleka nyumbani. Unachobaki nacho ni kwamba yeye yuko, na ni vyema kwamba yuko. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba Mungu aliwaona ndege kuwa vyema siku ya tano, siku moja kabla ya kumwumba mtu. Hapakuwa bado na mtu wa kuwala.

Mvuvi mmoja wa Kyavinyonge, aliyekuwa katika mafundisho, aliniuliza swali ambalo halimo katika katekisimu. “Mwalimu,” akasema, “nimesikia kwamba Baba wa mbinguni huwalisha ndege. Nakubali. Lakini huwalisha kwa samaki wa nani? Mnandi huingia katika wavu wangu. Mimi nalipa kodi ya mtumbwi, nalipa karo ya watoto, yeye halipi kitu.” Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka.

Nilimjibu, “Baba, umesema kweli, mnandi halipi karo.” Na ningewaomba wahubiri wakumbuke hilo wanapoisoma Evanjili hiyo mbele ya watu wenye watoto. Bwana hakulaani ghala. Alisema ndege hawana ghala, na bado wanakula. Lakini kwa kuwa hana ghala, mnandi huchukua samaki wa leo tu. Hapeleki kapu Butembo, hana wavu wa macho madogo unaozoa watoto wa samaki kabla hawajazaa. Ziwa lilipokuwa na ndege wengi, samaki nao walikuwa wengi. Wazee wa kijiji ndio wasemao hivyo, wala si mimi.

Wengine hujibu swali la yule mvuvi kwa njia nyepesi zaidi. Husema: viumbe wa Hifadhi wana faida. Nao wana ushahidi. Katika miaka ya 1970 viboko wa Ziwa Edward na mito yake walikaribia 30,000. Vita na njaa ya nyama viliwamaliza hata kufika miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Mavi ya kiboko hurutubisha maji, na maji yenye rutuba hulisha samaki. Hivyo aliyemwua kiboko aliupunguza wavu wa ndugu yake. Hoja hii ni ya kweli, na ifundishwe shuleni. Lakini mimi siitegemei yote. Kama kiumbe astahili kuishi kwa sababu ya faida yake tu, basi siku faida itakapokwisha tutamwua kwa dhamiri safi. Na watu je? Mzee asiyeweza tena kuvuta wavu ana faida gani? Nchi hii yetu imeonja tunda la fikira hiyo.

Tazameni Bwana alivyohesabu. Katika Mateo, mlango wa 10, shomoro wawili wauzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka watano wauzwa kwa sarafu mbili. Wawili kwa moja, basi wanne kwa mbili. Huyu wa tano ametoka wapi? Kila mama wa soko la Butembo ajua. Ni matabishi. Mwuzaji ameongeza mmoja juu, bure, ili mnunuzi arudi tena kesho. Shomoro wa tano hana bei hata kidogo. Naye Bwana asema kwamba hata mmoja wao hakusahauliwa mbele ya Mungu.

Sasa nirudi kwa wale wasemao kwamba kupenda ndege ni kudharau watu, maana nisingependa kuwapita haraka. Hifadhi hii iliwekwa kwa amri ya mfalme wa Wabelgiji mwaka 1925, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote. Watu waliokaa nyikani waliondolewa, wengine kwa sababu ya Hifadhi, wengine kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Wajukuu wao hawajasahau. Wanapoona mgeni akimpiga picha kwazi kupitia dirishani, kisha kioo chapandishwa kwa ajili ya vumbi, hawaoni mtu anayetii Evanjili. Nao walinzi wa Hifadhi zaidi ya 200 wamekufa kazini, wengi wao wana wa nchi hii, wenye wajane na yatima katika parokia zetu. Mimi siwezi kulikata shauri hili kwa ukurasa mmoja, wala simwamini anayesema aweza.

Lakini juu ya dirisha nina neno. Kwenye mteremko ule ule ambapo ndege ni wengi hupanda mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, kichwa kimeinama hata hawezi kuitazama motokari inayompita. Jicho lililokuwa juu likimfuata mwewe hushuka, hupita juu yake, na kupanda tena. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi hawakuwa vipofu. Mtakatifu Luka aandika wazi kwamba kila mmoja alimwona yule mtu, kisha akapita. Ndege akishatazamwa haombi neno lingine ila umwache aende zake. Ukimpita umemtendea haki. Mtu hayuko hivyo. Kwa hiyo kioo kinachofaa kwa ndege ni hatari kwa mtu, na jicho moja lina kazi mbili zisizofanana katika njia moja. Sisemi kwamba kila motokari yaweza kusimama kwa kila mzigo. Nani asiyejua ilivyo hatari kusimama njiani siku hizi? Lakini nimeona, tena si mara moja, kwamba wale waliozoea kutazama kwa utulivu ndio wanaowaona watu pia. Dereva aliyemwonyesha abiria kiota kikubwa cha fundichuma juu ya mti ndiye aliyepunguza mwendo mbele ya dimbwi ili asiwamwagie matope watoto wa shule. Yule ambaye haoni ndege mara nyingi haoni kitu.

Wanaosafiri kati ya Septemba na Aprili watazame pia mbayuwayu, wanaoruka chini sana juu ya majani ya nyika. Wengi wao wametoka Ulaya, wamevuka bahari na jangwa la Sahara kwa mwili ambao uzito wake hauzidi sana gramu 20, nao hawaonyeshi pasi Kasindi. Nabii Yeremia aliwajua, akawasifu kwa kutunza majira yao kuliko watu wa Mungu.

Katika mikutano ya Wakristu nimeulizwa na akina mama kama si afadhali kusali Rozari njiani kuliko kutazama nje. Nimewajibu kwamba Rozari haina ugomvi na kwazi. Lakini asiyeweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja, na asali kwanza, tangu Butembo mpaka mwanzo wa mteremko. Sehemu hiyo ni ndefu, na ndege walio wengi wako chini.